Wepesi Haukuja Bure: Mimi na Vifyonza Vumbi vya Zamani

Maduka ya mitumba ya hapa Ohio, Marekani, yana mpangilio unaofanana. Ukiingia Goodwill, Salvation Army au St. Vincent de Paul, mbele utakuta nguo, katikati vyombo na vitabu, na vitu vya umeme vimesukumwa nyuma kabisa, karibu na ukuta wenye soketi ya kujaribia. Huko nyuma ndiko vinakosimama vifyonza vumbi, waya zimeviringwa na kubanwa kwa tepu, bei imeandikwa kwa kalamu ya mafuta juu ya mgongo wa plastiki. Mara nyingi mwili umetenganishwa na viungo vyake. Mashine iko hapa, bomba lake limetupwa kwenye pipa la fimbo za mapazia, na brashi ndogo ya makochi iko kwenye mfuko wa nailoni unaouzwa peke yake rafu ya pili. Mnunuzi mwenye haraka huona mashine pungufu akaiacha. Mimi huanza kwa kulikagua lile pipa.

Ninachokusanya ni aina moja tu: mashine nyepesi. Sitaki yale makubwa ya kusukuma yenye mfuko kama gunia, wala ya mtungi yanayoburutwa sakafuni. Nataka zile nyembamba za kusimama, ambazo Wamarekani waliziuza kama mafagio ya umeme, pamoja na vidogo vya kushika mkononi, hasa vilivyotengenezwa kati ya miaka ya 1950 na 1980. Bei yake huwa kati ya dola 5 na 10, na siku duka linapopunguza bei ya vitu vyenye lebo ya rangi fulani hushuka nusu. Watu huviona vitu vya kuchezea. Navikusanya kwa sababu naamini aliyevibuni alimfikiria mtu wa kuvibeba, na ni mashine chache za nyumbani ambazo naweza kusema hivyo.

Imani hiyo niliipata kazini. Nilipotoka Tanga na kufika Columbus, kazi ya kwanza ilikuwa usafi wa vyumba hotelini. Chumba kimoja unaingia, unatandika, unasafisha choo, unafyonza kapeti, unatoka. Kapeti ndiyo ya mwisho, mwili ukiwa umeshachoka. Hoteli ile ilikuwa na mashine nzito ya kusukuma, ya chuma chini na plastiki juu, na kila ukifika ukingo wa kitanda lazima uinyanyue uigeuze. Ukishapita vyumba kadhaa, bega la kulia linakuwa na moto ndani yake. Mkono unaoshikilia ule mpini unakataa hata kufunga vifungo vya nguo jioni. Nilikuwa nikidhani ni umri, au ni baridi ya Ohio, au ni mimi tu sijazoea.

Nikahamia hoteli nyingine, nikapewa Oreck. Mashine nzima ina ratili 8, yaani kilo 3.6 hivi. Mara ya kwanza kuinyanyua mkono ulipaa juu kuliko nilivyotaka, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kwa uzito usiokuwepo. Kazi ilikuwa ileile, vyumba vilevile, na bega likaacha kuuma. Hapo nilielewa kwamba tatizo halikuwa mwili wangu.

David Oreck alianzisha kampuni yake mwaka 1963, na wateja aliowategemea mwanzoni walikuwa wenye hoteli. Hiyo si bahati. Mtu wa nyumbani hufyonza kapeti mara moja au mbili kwa wiki, anaweza kuvumilia uzito. Mfanyakazi wa hoteli anafanya hivyo siku nzima. Baadaye Oreck alijitokeza mwenyewe kwenye matangazo ya televisheni, akionyesha kifyonza vumbi chake kidogo cha mkononi kikinyanyua tufe la bowling lenye ratili 16 kwa nguvu ya kufyonza pekee. Watu walikumbuka tufe. Mimi nakumbuka zile ratili 8 za mashine kubwa.

Sasa, wepesi hupatikanaje? Hili ndilo lililonivuta kutoka kutumia hadi kukusanya. Mashine haiwi nyepesi kwa kuchukua ile nzito na kuipunguza kila upande. Kuna mtu alikaa akaamua kitu gani kiondoke kabisa, na kila mashine niliyonayo ina uamuzi wake tofauti.

Chukua Regina Electrikbroom, ambayo ndiyo mama wa mafagio ya umeme. Regina ilikuwa kampuni ya Rahway, New Jersey, na kabla ya vifyonza vumbi ilijulikana kwa masanduku ya muziki, yale yenye sahani ya chuma iliyotobolewa inayozunguka na kugonga meno ya kitana hadi wimbo utoke. Ukishika Electrikbroom ya zamani unaona mikono iliyozoea vitu vidogo vinavyokaa sawasawa. Walichoondoa ni brashi ya kuzunguka. Mashine kubwa huwa na mrija wa brashi unaoendeshwa kwa mkanda ili kupiga zulia na kutoa mchanga. Brashi hiyo inahitaji beringi zake, mkanda wake, nguvu zaidi ya mota, na sanduku pana la kuibeba. Regina wakasema hapana. Pua ni mwanya tu wa kufyonzea, wenye kidude cha kurekebisha kulingana na urefu wa nyuzi za zulia. Wakaondoa pia mfuko mkubwa wa kitambaa unaoning'inia nyuma ya mpini, wakaweka kikombe kigumu chenye kichujio ndani. Unafungua kikombe, unamwaga, unakirudisha. Umwagaji wenyewe hauhitaji hata kuinama.

Gharama yake ipo, na sitaificha. Bila brashi ya kuzunguka, Electrikbroom haiwezi kutoa mchanga uliozama kwenye zulia lenye nyuzi ndefu, wala manyoya ya paka. Anayekwambia kwamba mashine nyepesi inafanya kila kitu anataka kukuuzia. Lakini makombo chini ya meza, vumbi la kwenye vigae, nywele chooni, unga uliomwagika jikoni: kwa hayo inatosha, na unaichukua kutoka kwenye ndoano ukutani kwa mkono mmoja huku wa pili umebeba mtoto.

Oreck alichagua tofauti. Brashi aliibakiza, ila akabana kila kitu kingine. Kwake uchafu unapita kwenye feni yenyewe kwanza, halafu unapanda ndani ya mpini na kuingia mfukoni kwa juu. Njia ni fupi, kwa hiyo mota ndogo inatosha. Hasara ni kwamba sarafu au pini ya nywele ikifyonzwa inagonga feni moja kwa moja. Hotelini tulijua sauti hiyo, *taa!* kali, na kila mtu kwenye korido anageuka. Kwenye mashine za kikombe kama Regina, uchafu unabaki kabla ya kufika kwenye feni, na mota inapata hewa iliyokwisha kuchujwa. Ndiyo maana hadi leo nanunua Electrikbroom ya miaka mingi bila kuijaribu, lakini Oreck siichukui kabla ya kuiwasha na kusikiliza.

Baada ya hizo mbili nikaanza kutambua nyingine: Hoover Handivac, Hoover Quik-Broom, Bissell Featherweight. Hii ya Bissell naipenda pia kwa ajili ya historia ya nyumba iliyoitoa. Kampuni ilianza Grand Rapids, Michigan, mwaka 1876, na fagio la kusukuma lisilo na umeme. Melville Bissell alipofariki mwaka 1889, mkewe Anna ndiye aliyeshika uongozi, wakati ambapo mwanamke kuendesha kiwanda lilikuwa jambo lisilosikika. Na vile vidogo vyekundu vya mkononi vya Dirt Devil, vilivyotolewa na Royal ya Cleveland mwaka 1984, bado vimejaa kwenye rafu hadi wauzaji hawavitazami. Navichukua vikiwa na bomba lake tu.

Ohio ni mahali pake hasa kwa mambo haya. Mwendo wa kama saa mbili kutoka kwangu kuna mji wa Canton, na huko ndiko alikoishi James Murray Spangler, msafishaji wa duka kubwa, mwenye pumu. Kazi yake ilikuwa kufagia mazulia, na vumbi lilikuwa linamziba kifua. Akatengeneza kwa mikono yake mashine ya mota ndogo ya umeme, mpini wa ufagio na foronya ya mto kama mfuko wa vumbi. Hati ya ubunifu wake ilitolewa Juni 1908. Yeye hakuwa na mtaji. Haki zikaenda kwa William Hoover, mtengenezaji wa bidhaa za ngozi wa jirani, aliyekuwa akiona magari yanakuja kuua soko la hatamu na matandiko ya farasi. Dunia nzima ikajifunza jina la Hoover, na la Spangler likabaki kwenye vitabu.

Kabla ya Spangler, mwaka 1901, Mwingereza Hubert Cecil Booth alikuwa tayari na mashine ya kufyonza, ila ilikuwa kubwa kiasi cha kukokotwa na farasi, inasimama barabarani na mabomba yanaingizwa ndani kupitia madirishani. Waliomudu kuiita walikuwa matajiri. Nikiwa mtu wa usafi, naona tofauti kati ya wawili hao kwa uwazi sana. Booth alifikiria jumba la kusafishwa, na Spangler alifikiria mtu anayesafisha, maana mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe na kifua chake.

Turudi dukani, kwa sababu wengi wananiuliza naangalia nini. Kwanza nanyoosha mkono mbele na kuinua mashine, nakaa hivyo kidogo. Mashine nyepesi iliyopangwa vizuri uzito wake uko karibu na kiganja au chini kabisa puani, haukuvuti kifundo cha mkono. Pili nakagua waya pale unapoingia kwenye mpini. Mpira wa zamani hukauka ukapasuka hapo kabla ya mahali pengine popote, kwa sababu ndipo unapokunjwa kila siku. Ukiona shaba, usichomeke kwenye soketi, hata muuzaji akisema "jaribu tu". Tatu nainusa. Harufu ya vumbi la zamani inaondoka kwa kuosha. Harufu ya ukungu, kama ya chumba kilichoingiwa na mafuriko, haiondoki kwenye mfuko wa kitambaa, na harufu ya waya ulioungua ni ya kuondoka nayo mbali.

Halafu nawasha, sekunde chache tu. Natazama kwenye matundu ya hewa ya mota. Cheche ndogo za buluu ni kawaida, mota hizi zinafanya kazi hivyo. Ila ukiona duara la moto wa rangi ya chungwa linazunguka, mota ina ugonjwa mkubwa. Kisha naweka kiganja kwenye pua niizibe. Sauti inapaswa kupanda, inakuwa nyembamba na ya juu. Nimewaona watu wakiizima haraka hapo wakidhani mota inateseka. Ni kinyume. Ukiziba pua, feni inakosa hewa ya kusukuma, mzigo unapungua, na mota inakwenda kasi zaidi. Sauti isipobadilika hata kidogo, maana yake hewa inaingilia mahali pengine: mpira wa kikombe umekatika au mwili una ufa.

Ufundi wa mota niliurithi bila kujua. Marehemu baba alikuwa fundi cherehani Ngamiani, kwenye zile barabara za namba za Tanga, na alipofunga mota kwenye cherehani yake ya miguu, mimi ndiye niliyekuwa nashika tochi akibadilisha kaboni. Mota za vifyonza vumbi ni ukoo mmoja na mota ile. Kuna vijiti viwili vya kaboni, kila kimoja na springi nyuma yake, vinavyogusa duara la vipande vya shaba linalozunguka. Kaboni inalika taratibu, shaba inachafuka, na siku moja mashine inaanza kuwaka na kuzimika, mwenyewe anaipeleka Goodwill. Anayeijua anainunua kwa dola 5, anabadilisha kaboni, na mashine inarudi kazini.

Electrikbroom ya rangi ya feruzi niliyoipata Dayton ilikuwa hivyo hasa. Nilitandika gazeti kwenye meza ya jikoni, nikafungua skrubu za mwili, na mwili ukagawanyika pande mbili. Ndani kulikuwa na donge la nywele nyeupe limezunguka shingo ya feni, limekazwa kama uzi kwenye kibobini. Nililikata kwa wembe kidogo kidogo nisije nikakwaruza shaba. Kaboni ya kushoto ilikuwa ndefu, ya kulia imebaki kama punje ya mchele, springi yake imeganda kwa uchafu. Kaboni nzima ukiitoa, weka alama ilikuwa imekaa upande gani, maana ncha yake imeshalika kwa kufuata mviringo wa shaba, na ukiigeuza itaanza kurusha cheche upya. Shaba nikaisugua kwa msasa laini wa kawaida. Ule msasa mweusi wa chuma siutumii, chembe zake zinaweza kupitisha umeme na kubaki katikati ya vipande vya shaba. Kisha tone moja la mafuta kwenye kila kitambaa kinacholisha beringi. Mafuta ya cherehani ambayo baba aliyatumia kwa kila kitu ni mepesi mno kwa mota ya kasi hii. Nachukua mafuta ya mota ya umeme ya namba 20, mazito kidogo. Mafuta ya kupikia usithubutu, yanaganda yakawa gundi.

Nilipoifunga na kuiwasha, ilitoa pumzi moja ya vumbi la zamani, ikatulia, ikaimba.

Haya yote yanawezekana kwa sababu mwili umefungwa kwa skrubu. Vifyonza vumbi vingi vya leo vya fimbo, vya betri, navyo ni vyepesi, na nimevitumia nikavifurahia. Lakini betri ikichoka, na mwili umegundishwa au umebanwa kwa kucha za plastiki zinazovunjika ukizigusa, unabaki na taka safi. Vinaonekana kwenye rafu zilezile za mitumba, vipya machoni, vimekufa ndani. Wabunifu wa leo nao waliondoa vitu ili mashine iwe nyepesi, na kimojawapo walichoondoa ni uwezekano wa fundi kuingia. Hilo naliona kosa kubwa, na nalisema bila kuogopa kuonekana mtu wa zamani.

Kujua umri wa mashine pia ni raha yake. Lebo ya chini ndiyo cheti cha kuzaliwa. Namba za posta za Marekani, zile tarakimu tano, zilianza mwaka 1963, kwa hiyo anwani ya kiwanda yenye tarakimu hizo haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Anwani yenye jina la mji likifuatiwa na tarakimu moja au mbili tu ni ya kati ya mwaka 1943 na 1963. Rangi nazo zinasema: feruzi na waridi hafifu ni za miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, kijani cha parachichi na manjano ya dhahabu ni za mwisho wa 1960 na 1970. Jiko zima, friji, simu na kifyonza vumbi vilikuwa rangi moja.

Kuhusu afya nitasema kwa kifupi lakini kwa msisitizo. Kichujio cha kitambaa cha mashine ya zamani kinakamata makombo na mchanga, hakikamati vumbi jembamba kabisa, hilo linatoka nyuma na kurudi hewani. Mwenye pumu ndani ya nyumba asitegemee mashine hizi. Mimi kila niliyonunua naifungua nje, nimevaa barakoa, naosha kikombe na kichujio kwa maji ya sabuni, naanika hadi vikauke kabisa kabla ya kuvirudisha. Vumbi la nyumba ya mtu usiyemjua lina mambo mengi ndani yake.

Watu wanaoelewa haraka kwa nini nakusanya ni majirani zangu waliotoka Kongo. Familia nyingi za wakimbizi wanaozungumza Kiswahili zimepewa makazi kwenye miji ya Ohio, na nyumba za kupanga za hapa zina kapeti ukuta hadi ukuta. Mtu aliyefagia ua wa udongo na sakafu ya saruji maisha yake yote anakutana na sakafu isiyofagilika. Ufagio wa chelewa kwenye kapeti unasambaza tu. Misaada ikija, inakuja na mashine kubwa iliyochangwa na mtu aliyenunua mpya, na aliyepewa anaishi ghorofa ya tatu bila lifti.

Kuna bibi mmoja wa Uvira, mkwewe nilifanya naye kazi hotelini. Mashine aliyopewa ilikuwa imesimama nyuma ya mlango imefunikwa khanga. Kapeti alikuwa anaisafisha kwa magoti, na brashi ya mkono na beseni. Nilimpelekea Quik-Broom niliyokuwa nimeibadilisha waya. Nikamwambia, "Mama, jaribu hii, ukiona haifai nitaichukua." Akaishika shingoni kwanza kama anavyoshikwa kuku, akaipima juu chini bila kuiwasha.

"Hii haiko nzito," akasema. "Nitaipandisha na mkono moja tu."

Nikamwonyesha swichi. Alifyonza sebule, akaingia chumbani, akatoka hadi kwenye korido ya jengo, waya ukamkatalia. Akageuka: "Aksanti sana, binti yangu. Ile kubwa wape vijana." Tangu siku hiyo mashine zinazofanana mbili sizihifadhi zote. Moja inabaki, nyingine naitengeneza inaenda kwa mtu wa ngazi.

Ndugu wa Tanga nao wakiona picha huniambia, "Dada, tutumie basi." Jibu langu huwa hapana, na sababu ni mbili. Umeme wa Marekani ni volti 120, wa Tanzania ni 230 na wa Kenya 240. Mota hizi hazijali tofauti ya mzunguko wa umeme, hezi 50 au 60, ila volti zikiwa karibu mara mbili zinakwenda kasi isiyo yake na kuungua dakika hiyohiyo. Transfoma ya kushusha umeme inaweza kuokoa, lakini itakuwa nzito kuliko mashine yenyewe na bei yake itazidi. Sababu ya pili ni sakafu. Nyumba yetu ya Ngamiani ina saruji iliyosuguliwa. Ufagio na kudeki vinashinda mashine yoyote, bila umeme, na maji yanashika lile vumbi jembamba ambalo kichujio cha zamani kingelipuliza.

Msikitini huko Tanga ni habari nyingine. Mazulia yametandikwa ukuta hadi ukuta, watu wanasujudu, paji la uso linagusa. Wazee waliponiuliza wanunue nini, nilishauri mashine ya volti 230 inayouzwa hukohuko, yenye kichujio kizuri, yenye brashi ya kuzunguka, na wahakikishe kabla ya kulipa kwamba anayesafisha ameinyanyua mwenyewe. Anayesafisha pale ni mzee, na kamati iliyokuwa ichague ni ya vijana. Walimwita akanyanyua tatu. Akachagua ya katikati.

Nyumbani kwangu nimejiwekea mpaka: ukuta mmoja wa chumba cha kufulia, wenye ndoano. Ukijaa, moja lazima itoke ndipo nyingine iingie. Mpaka huo unanilazimisha kuuliza kila mashine ilifanya uamuzi gani ambao jirani yake hakuufanya. Mbili zilizoondoa kitu kilekile kwa njia ileile hazina haja ya kukaa pamoja. Kila inayoondoka naifungia kadi kwenye mpini, nimeandika kwa mkono kaboni zilibadilishwa lini na mafuta gani yaliwekwa, ili fundi atakayefuata asianze gizani.

Kwa sasa natafuta kikombe cha Electrikbroom ya kijani cha parachichi. Mashine yenyewe niliipata Springfield ikiwa nzima, mota tamu, kikombe hakipo, na pipa la fimbo za mapazia la duka lile nililipekua hadi chini. Kitakuwa kimeuzwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vyombo vya plastiki vya jikoni, mtu anakitumia kuchotea mchele. Aliye karibu na Springfield akikiona, ni cha plastiki nzito, kina mdomo wa mviringo wenye mtaro wa mpira na kucha mbili pembeni. Nitalipa nauli ya posta na zaidi.